Wakamuaji Wanne

Picha ile niliichora mimi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Garissa mtu akisimuliwa jambo huondoka kabla halijaisha, na sitaki uondoke ukiamini kwamba aliyechora ni binamu yangu.

Iko kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kioo, kati ya chombo cha maziwa cha kusukwa na redio ya zamani isiyo na betri. Karatasi yake ni mfuko wa simenti, upande wa ndani usio na maandishi. Nilitumia mkaa. Ngamia jike amesimama, na wanaume wanne wanamkamua kwa pamoja, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja na bakuli juu ya goti, kama tunavyokamua kwetu. Mtu wa bara anaweza asione kichekesho kiko wapi. Ngamia ana chuchu nne. Mbili za watu hufungwa kamba ili ndama asizimalize, mbili huachwa wazi, na hizo ni za ndama. Hata mwizi wa ngamia akimkamua njiani hazigusi. Katika picha hakuna chuchu iliyoachwa. Wanaume wanne, chuchu nne, na ndama amefungwa mdomo kwa tai.

Majina siandiki, lakini waliyofanya nitayasema. Mwenye miwani nyeusi ndiye aliyekuwa na bunduki nyingi, akauita mji wetu wake. Mwenye kola bila tai alikuwa mkubwa wa serikali iliyoanguka. Aling'oa mabati ya hospitali akayauza, na tai yake ndiyo ile iliyo mdomoni mwa ndama. Mwenye tasbihi ndefu alinunua unga wa msaada kwa wenye bunduki na kuwauzia wenye njaa. Wa nne amegeuza uso, lakini mji mzima ulimjua kwa shingo yake yenye mikunjo mitatu. Huyo ni adeer yangu, ndugu mdogo wa baba. Malori yake mawili ndiyo yaliyobeba ule unga.

Mji wenyewe uko ng'ambo ya Mandera, ukivuka mto Daua. Baba alikufa kabla ya vita, adeer akanichukua. Watu walimsifu kwa kulea yatima. Yatima mwenyewe alilelewa na ngamia. Mimi nilichunga, mwanawe alisoma. Yeye alivaa viatu vyeusi vya kufunga kamba, mimi nilivaa kandambili zilizokatwa kwenye tairi la lori la baba yake. Jioni alikuwa akiandika hesabu kwenye daftari nami nikichora ngamia mchangani kwa kijiti, na mama yake alikuwa akisema mwanangu anajifunza, na huyu anachezea vumbi.

Nina wivu, sifichi. Sheikh aliwahi kuniambia wivu ni moto. Nilimwambia nimeuota moto huo tangu utotoni, sasa ndio unaonipa joto.

Picha niliichora zizini, peke yangu, siku adeer aliporudi na lori la unga akawapita wajane waliokaa barabarani bila kupunguza mwendo. Asubuhi mapema, kabla mama wa chai hajafungua kibanda chake sokoni, niliingia nikaibandika ukutani kwa miba ya mgunga. Watu walipokuja kunywa chai walicheka. Nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe changu, nikicheka kama wengine, na ninakuambia sijawahi tena kuwa na asubuhi kama ile. Mzee mmoja mchunga mbuzi alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kikoi, akasema aliyechora hii amekamua maishani, tazameni anavyosimamisha mguu. Nilitamani kumwambia ni mimi. Niliona nitamwambia kesho.

Kabla ya adhuhuri watu wa mwenye miwani walifika na gari lenye bunduki juu. Mama wa chai alikuwa amekwisha kuikunja picha na kuificha, akawaambia ameichoma kwenye jiko. Walitaka mchoraji. Walitupanga wanaume na vijana wote mstari mmoja mbele ya kibanda, wakaweka msahafu juu ya pipa. Mkubwa wao alisema hana haja ya kupoteza risasi. Kila mtu ataweka mkono wa kulia juu ya Kitabu aape kwamba mkono huo haukuchora. Asiyetaka kuapa ndiye.

Alijua alichokifanya. Kwetu mtu anaweza kusema uongo kuhusu ngamia, kuhusu deni, hata kuhusu umri wa mama yake. Kwenye msahafu haapi uongo, maana kiapo cha uongo humaliza nyumba ya mtu, mifugo kwanza, halafu watoto. Mbele yangu walikuwa watu wanane. Nilitazama migongo yao ikipungua. Zamu yangu ilipofika niliweka mkono, na makaa bado yalikuwa ndani ya kucha, nikasema wallahi, billahi, tallahi, mkono huu haukuchora. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Yeyote anayedhani yeye angesema vinginevyo, na aseme, yeye hakuwepo.

Tuliapa sote. Basi wakauliza nani hayupo. Hakuwepo binamu yangu.

Alikuwa amekwenda Mandera kununua tairi. Baba yake alimtuma tangu jana yake, kwa sababu lori moja lilikuwa limekaa bila gurudumu la nyuma. Adeer aliwaambia hivyo, tena aliapa, lakini nani atamwamini baba anayemtetea mwanawe? Walichoma lori moja, wakaondoka. Adeer alituma ujumbe ng'ambo kwamba kijana asirudi. Na hapo, kabla jua halijatua, mji mzima ulikuwa na hadithi: mtoto wa tajiri amemchora baba yake akikamua damu ya watu, halafu amekimbia kwa ajili ya haki. Lo, jinsi ilivyokuwa tamu hadithi hiyo. Ningekuwa mimi, ningekuwa yatima asiye na shukrani aliyemtukana mlezi wake. Akiwa yeye, ni shujaa.

Wiki mbili baadaye vita viliingia mjini kabisa, tukavuka mto. Kwenye kivuko mlinzi wa lori la adeer alifyatua risasi kumtisha mtu aliyeng'ang'ania gunia, nami ndiye niliyekuwa nimelishika gunia hilo upande wa pili. Ilichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Mlinzi huyo yuko Nairobi, anauza mapazia, ana wajukuu. Wapo watakaosema ni kile kiapo kilichokuja kuchukua chake. Mimi nasema ni yule wa mapazia. Lakini siku nyingine nikitawadha, maji yakipita pale pasipo na vidole, sina uhakika sana.

Nilipofika kambini Dadaab nilimkuta binamu yangu ameshafika, na jina lake limefika kabla yake. Watu walimpa mkeka wa kukalia. Walimchagua kiongozi wa sehemu yetu, kisha akawa karani wa mgao, kisha akapata duka la vitambaa hapa Garissa. Mimi kwa nini sikusema? Kwanza niliogopa, maana jamaa za mwenye miwani nao walikuwa kambini, foleni moja ya maji. Halafu miaka ikapita, na uongo ukikaa sana unapata wajukuu. Na kile kiapo. Kusema picha ni yangu ilikuwa kusema niliapa uongo.

Kwa hiyo nilinyamaza, nikamtazama. Nilimtazama akioa. Nilimtazama akiitwa shule ya Bura kuwaambia wanafunzi kuhusu ujasiri. Mimi nafanya kazi soko la mifugo. Mbuzi wakishauzwa, wale wa kutoka Balambala na kwingineko, natia alama ya rangi mgongoni ili wasichanganyike kabla ya kupakiwa. Mstari mmoja mwekundu au wa buluu. Huo ndio uchoraji wangu, na ninaufanya kwa mkono wa kushoto. Binamu yangu ana vidole vyake kumi, na hata mstari ule wa mbuzi hawezi kuunyoosha.

Mama wa chai alifariki mwaka juzi. Binti yake akafungua sanduku, akaikuta picha, akaipeleka makumbusho walipokuwa wakikusanya vitu vya watu waliokimbia vita. Aliwapa na jina la mchoraji, jina alilosikia kwa mama yake. Simlaumu binti. Mama ndiye namlaumu, Mungu amrehemu. Alikuwa akinimiminia chai kila siku na hakuwahi kutazama kucha zangu.

Habari niliipata nyumbani. Binti yangu wa mwisho, yuko darasa la saba, alitoka shule amechangamka. Walikuwa wamepelekwa makumbusho, wakaonyeshwa picha ya wakamuaji, mwalimu akasema mchoraji ni mtu wa hapa hapa mjini, binti yangu akainua mkono akasema ni adeer yangu huyo, maana kwetu binamu wa baba naye ni adeer. Darasa lilimpigia makofi. Alinieleza ndama, tai, ile shingo. Alieleza vizuri, mstari kwa mstari, nami nikawa najua anachotaka kusema kabla hajasema. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Aabo, na wewe wakati huo ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa nachunga ngamia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua jibu.

Kesho yake sikwenda sokoni. Nilikwenda makumbusho nikasimama mbele ya kioo. Sikuwa nimeiona tangu asubuhi ile. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na kwenye mguu wa nyuma wa ngamia nilikuwa nimekosea goti. Chini yake kikaratasi kilichopigwa chapa: kejeli ya kisiasa ya wakati wa vita, mkaa juu ya karatasi ya simenti, na jina la binamu yangu. Mwanamke anayesimamia pale, mtu wa Mwingi, mwenye adabu, aliniuliza kama nahitaji msaada. Nilimwambia jina lile si sahihi, sahihi ni langu. Alinitazama mkono. Alisema picha ilikuja na jina, na msanii mwenyewe huja pale kuzungumza na wageni. Alisema msanii wetu. Akaniambia hawezi kubadilisha kitu kwa neno la mtu mmoja, nimletee makubaliano ya pande mbili na wazee wasimamie.

Ndivyo nilivyomwita binamu yangu kwenye maslaha.

Kwa asiyejua, maslaha ni kikao cha wazee cha kumaliza ugomvi bila polisi. Tulikaa kwenye varanda ya madrasa baada ya swala ya alasiri, viti vya plastiki, chupa mbili za chai ya maziwa. Wazee watatu na sheikh. Binamu yangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na mkufunzi mmoja wa chuo aliyetaka kusikiliza. Hata kwenye kesi yangu alikuja na mgeni.

Nilieleza yote mpaka pale kwenye mstari, nikapita haraka. Mzee mmoja akaniuliza nina ushahidi gani. Nikasema mtazame mguu wa mkamuaji, huyo mwenye kuchora amekamua, na huyu alikuwa shule. Mzee akacheka kidogo, akasema kila mtu aliyekaa hapa amekamua, au wote tuandikwe? Nikasema kwenye paja la ngamia kuna chapa ya moto ya ngamia wetu. Akasema chapa ni ya ukoo, na ukoo wenu ni mmoja. Kuna aliyekuona ukichora? Nikasema walioniona ni ngamia.

Hapo mzee wa tatu, ambaye alikuwa kimya na jicho lake moja lina ukungu, akajisogeza kwenye kiti. Sikumtambua mpaka alipozungumza.

"Mimi siku ile nilikuwa nyuma yako kwenye mstari," akasema. "Nilikusikia. Uliapa mara tatu."

Chai yangu ilikuwa mkononi nikaiweka chini. Sheikh akaniuliza ni kweli. Unaona nilipofika: kama niliapa kweli siku ile, basi leo ni mwongo, na kama leo ni kweli, basi niliweka mkono wangu juu ya Kitabu cha Mungu na uongo mdomoni. Hakuna mlango wa tatu.

"Niliapa uongo," nikasema. "Nilitaka kuishi."

Mkufunzi wa chuo aliacha kuandika. Sheikh alishusha pumzi, akasema sheria haina kona: anayedai alete mashahidi, na akikosa, anayedaiwa aape, mambo yaishe. Akamwambia binamu yangu akatawadhe.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Binamu yangu alipokuwa kwenye birika anaosha mikono, mimi niliomba aape. Nilitaka aape uongo. Picha nilishaisahau wakati ule. Miaka yote nilimwonea wivu viatu, shule, makofi, vidole, lakini kilichokuwa kikiniuma zaidi ni kwamba mkono wake ulikuwa safi. Alikula jina langu bila kuapa hata mara moja, watu walimlisha tu. Nikasema moyoni, aape, na yeye aamke saa za alfajiri aogope kuhesabu watoto wake.

Alirudi maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Sheikh aliufungua msahafu kwenye kitambaa chake. Binamu yangu aliutazama, akanitazama mimi, akautazama tena. Mikono hakuinyoosha.

"Sitaapa," akasema. "Picha si yangu. Mimi nilikwenda kununua tairi."

Akaanza kulia. Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, ndevu zina hina, analia kwenye kiti cha plastiki. Akasema hakuwahi kuomba jina lile. Alipofika kambini walimkumbatia, alikuwa na njaa, alikuwa amemwacha baba yake, akaona acha. Halafu kila siku ikawa kama jana yake. Akanigeukia.

"Walaal, ndugu yangu, kwa nini hukunijia nyumbani tukazungumza wawili?"

Labda kwa sababu nyumba yake ina zulia.

Lakini tazama kilichotokea. Sheikh aliinuka akamkumbatia. Mzee mwenye jicho la ukungu alisema subhanallah, nimeishi sana, sijaona mtu anayetoa heshima yake yote kwa kuogopa kuapa. Mkufunzi alimshika mkono kwa mikono miwili. Walisoma fatiha. Mimi nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nimekaa peke yangu upande wangu wa varanda kama mtu aliyeshindwa. Baadaye ndipo sheikh alikuja, akaniambia kwa upole nina deni na Mungu, kafara ya kile kiapo: nilishe maskini kumi, na nikishindwa, nifunge siku tatu.

Makumbusho walibadilisha kikaratasi. Jina ni langu, limeandikwa sawasawa. Binti yangu alikwenda kulitazama, akarudi akanisalimia kwa kunibusu mkono ule mbovu, na hilo sikumnyang'anya mtu wala mtu hatanipokonya. Lakini mwanamke wa Mwingi akieleza wageni, anasema picha ilichorwa na fulani, kisha sauti inabadilika, anaanza kueleza kuhusu binamu aliyekataa kuapa. Wageni wanauliza anapatikana wapi. Anawaelekeza duka la vitambaa. Dukani kwake sasa kuna wanaoingia si kununua, ni kumwona tu mtu mkweli. Mimi sokoni wananiuliza kwa utani kama mbuzi huyu kweli ni wa Balambala, au niletewe msahafu.

Kafara nilitaka kuilipa mwenyewe. Nilipanga kufunga, maana kulisha watu kumi si mchezo kwa mtu wa kupaka mbuzi rangi. Siku moja kabla sijaanza, gari la duka la vitambaa lilisimama mlangoni, likashusha dume la mbuzi mnono na gunia la mchele. Mke wangu alishukuru kabla sijafungua mdomo. Nilimtazama mbuzi yule kwa jicho la kazi yangu. Sikuona kasoro, nikakasirika zaidi.

Sheikh alisema inafaa, ndugu akisaidia kwa hiari yake na mwenye deni akikubali. Nikakubali, kwa sababu watoto walikuwa wameshasikia harufu ya nyama. Maskini kumi walikaa uani kwangu Ijumaa, kwenye mikeka miwili, masinia matatu. Niliwanawisha mikono mmoja mmoja. Niliwapakulia kwa mkono wangu wa kulia, vidole vitatu, kijiko kikiteleza kila mara, nami sikumruhusu mtu anisaidie.

Walipokwisha kula, kizee mmoja, kipofu, alijipangusa midomo akauliza nyama hii tamu ni ya nani, wamwombee. Wote wakanigeukia. Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama. Ingekuwa neno moja tu, langu, na nani angejua?

Nikasema mbuzi ni wa binamu yangu.

Wakainua mikono, wakamwombea maisha marefu, biashara, kizazi chema, na pepo ya juu kabisa. Waliomba kwa muda mrefu, maana walikuwa wameshiba. Kila walipofika mwisho wa ombi walinisubiri, mwenye nyumba, niitikie. Nikaitikia amin. Nilitamka zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ndogo.